Mtoto Yuko kwa Bibi. Baba Yuko Wapi?

Chukua mfano huu wa hapa kwetu Maruku. Baba na mama wametengana. Mtoto amepelekwa kwa bibi yake mzaa mama, na baba amekwenda Mwanza kufanya kazi. Kibanja cha bibi kina migomba, hivyo mtoto halali njaa. Lakini ndizi hazishoni sare wala hazinunui dawa. Baba akipigiwa simu hujibu: “Mtoto nilimtoa mbele ya wazee. Sasa ni wenu.”

Je, baba huyu asema kweli? Hata kidogo!

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 129, yasema kwamba ni wajibu wa mwanamume kuwatunza watoto wake, wakiwa mikononi mwake au mikononi mwa mtu mwingine. Awape mahali pa kukaa, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo wake, au alipe gharama zake. Wajibu huo hubadilika tu ikiwa mapatano au amri ya mahakama imesema vingine. Angalia basi: kumtoa mtoto nyumbani ni jambo moja, na kumtunza ni jambo jingine.

Mama naye asikae kando. Baba akiwa amefariki, au hajulikani aliko, au hana uwezo, sheria hiyo yamtaka mama amtunze mtoto. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yawataka wazazi wote wawili watimize wajibu wao.

Wengine watasema: “Kwa mila ya Wahaya mtoto ni wa ukoo wa baba.” Vema. Basi mtoto aliye wa ukoo siku ya mahari, na awe wa ukoo hata siku ya daftari. Haifai kumkana angali mdogo, kisha kumdai akiisha kukua.

Lakini liko jambo moja linalokata wajibu huu, nalo ni kuasili mtoto kwa amri ya mahakama. Hapo haki na wajibu wa mzazi wa kwanza huhamia kwa yule aliyemwasili. Maneno ya barazani, hata yakisemwa mbele ya wazee kumi, si kuasili.

Je, bibi afanye nini? Kwanza amwite baba na wazee wa pande zote mbili, wapatane kiasi na siku ya kuleta, na mapatano yaandikwe. Baba akikataa, bibi aende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya. Huko ataelekezwa namna ya kupeleka maombi ya matunzo katika Mahakama ya Watoto. Mzazi, mlezi, hata ndugu aweza kuomba. Mahakama haikisii tu; hutazama mapato na mali ya wazazi, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapokaa. Kwa hiyo baba mwenye kipato kidogo asiogope. Ataombwa kwa kadiri yake. Amri hiyo hudumu mpaka mtoto atimize miaka 18, na yaweza kuendelezwa ikiwa bado yumo masomoni.

Nawe baba uliye mbali, labda wasema: “Wananinyima kumwona mwanangu, kwa nini nitume fedha?” Sheria imekupa njia: omba mahakamani ruhusa ya kumtembelea. Lakini usimfungie mtoto chakula kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa. Yeye hakugombana na mtu.

Na wewe msomaji, ikiwa mwanao analelewa kwingine, jiulize jioni ya leo: Mara ya mwisho nilituma nini, na lini? Ukishindwa kukumbuka, usingoje barua ya mahakama. Anza kesho asubuhi.