Macho Yako Ndiyo Yanashrub

Jaribu hii leo. Chukua video ya msee akisema "ga, ga, ga", toa sauti, halafu weka sauti yake akisema "ba, ba, ba". Wengi wakiicheki watasikia "da". Na hakuna "da" hapo! Funga macho, "ba" inarudi. Fungua, "da" tena, hata kama ushajua mchezo.

Harry McGurk na John MacDonald waliichapisha 1976, kule Uingereza. Kusema "ba" lazima midomo ikutane. Jicho likiona haijakutana, ubongo unatafuta sauti ya katikati. Ndiyo maana enzi za barakoa, 2020, konda alikuwa anakuuliza unashukia wapi mara tatu.

Sasa mbona naleta hii stori? Komenti zenu. Nikiposti uso na kusema natoka Kinoo, lazima mtu aandike "umeshrub". Nikiposti sauti peke yake, maneno yale yale, kimya.

Ni kweli Kikuyu haina L, na huku kwetu kuna watu wanaichanganya na R. Si dhambi. Lakini hizo sauti zote mbili zinatengenezwa na ulimi, ndani ya mdomo. Ukiangalia midomo huoni tofauti ya maana. Kwa hivyo ulichoona si mdomo wangu. Umeona sura, ukasikia Kinoo, ukajimalizia.

Na si sisi tu. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin, Marekani, alichapisha jaribio: wanafunzi walisikiliza mhadhara uliorekodiwa, msemaji Mmarekani. Wengine walionyeshwa picha ya mzungu, wengine ya mtu mwenye sura ya Kiasia. Walioona sura ya Kiasia walisikia lafudhi ya kigeni, na hata mhadhara wakaushika kidogo kuliko wenzao. Sauti ni moja, manze!

Komenti naweza kuvumilia. Kazi ndiyo inauma. Dada mmoja tunayerekodi naye alituma sauti ya tangazo, wakaipenda. Wakakutana naye, wakasikia jina lake la pili, ghafla "lafudhi ni nzito kidogo". Pesa ikaenda.

Kama unatafuta mtu wa kusoma tangazo lako, sikiliza rekodi bila jina wala picha, na uamue hapo hapo. Na wewe wa komenti, kabla hujaandika "umeshrub", geuza simu kifudifudi usikilize tena.