Mkulima wa kahawa, mgeni wako anakunywa nini?

DESEMBA mwaka 2024 mimi na mke wangu tulichukua likizo ya siku tisa, tukapanda basi kutoka Morogoro kwenda Kilimanjaro kupitia Lushoto. Hatukwenda kupanda mlima wala kuangalia tembo. Tulikubaliana jambo moja tu: tule, tunywe kahawa na tuonje pombe ya kila mahali tutakapopita, na kila shilingi itakayotoka kwa ajili ya tumbo iandikwe kwenye daftari. Daftari alilishika mke wangu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na mimi, ingawa ni mchumi wa kilimo, husahau hata chenji.

Nina sababu ya kuwaeleza wasomaji wa ukurasa huu habari za likizo yangu. Mwaka 2019, bei ya kahawa duniani ilipokuwa imelala, nilikaa na baba mkwe wangu kule Kibosho nikampigia hesabu. Ana mibuni 180 ndani ya kihamba, mingi imezeeka. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mibuni ile inamtia hasara, afadhali aing'oe aongeze migomba na mahindi ya kulisha ng'ombe. Mzee hakunijibu siku ile. Tulipofika safari hii tukakuta ameshakubaliana na kijana mwenye msumeno wa mashine aje mwezi Januari kuiangusha yote. "Nimefuata ushauri wako, mwanangu," akaniambia.

Lakini nisifike Kibosho kabla ya safari.

Pale Segera tulinunua machungwa ya Muheza kwa kijana aliyesema yametoka shambani kwa mama yake, shilingi 5,000 kikapu kidogo. Lushoto tulikula plamu na karoti mpaka meno yakafa ganzi, shilingi 8,000 kwa siku mbili, na tulinunua kwa akina mama walioteremka na mizigo kichwani asubuhi ileile. Hizo ndizo fedha nilizotoa kwa moyo mweupe kuliko zote.

Kahawa ndiyo iliyonikera. Katika mkahawa mmoja wa njiani, jina nalihifadhi, niliomba kahawa nikaletewa chupa ya maji ya moto, kopo la kahawa ya unga na kijiko. Kahawa ya unga ina wateja wake na siibezi. Ila pale mezani nilikuwa nikiutazama mlima wenye mibuni kila upande, na aliyenihudumia aliniambia kwao wana kahawa stoo. Nikamuuliza kwa nini hawaichemshi. Akacheka, "Ile ya kuuza, kaka. Wageni wanapenda ya kopo." Nani aliwaambia? Kule Dar es Salaam mtu anatembea na birika la mkaa na vikombe vidogo, anauza kahawa chungu kwa kashata vijiweni, na kahawa hiyo imesafiri kilomita zaidi ya 500 kutoka kwa huyu anayeninywesha ya kopo.

Mjini Moshi hali ni nyingine. Ipo migahawa inayokaanga kahawa ya mlimani na kuihudumia vizuri, mmojawapo ukiwa wa KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Katika mmoja wa migahawa ya mji huo tulilipa shilingi 4,000 kwa kikombe. Mke wangu akaweka kalamu mezani, akaniambia nimpigie hesabu ya kikombe kile kwa bei aliyolipwa baba yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Kilo moja ya kahawa ya maganda, yaani ile mkulima anayoipeleka chama cha msingi, ikikobolewa hubaki kiasi cha gramu 800. Ikikaangwa hupungua tena, hubaki kama gramu 650. Kikombe kimoja kizuri kinataka gramu 10. Kwa hiyo kilo moja ya mzee inatoa vikombe 65. Msimu wa 2023/24 yeye alilipwa shilingi 6,000 kwa kilo. Gawanya: katika kikombe cha shilingi 4,000, kahawa ya mkulima haifiki shilingi 100.

Msinielewe vibaya. Mwenye mgahawa si mwizi. Analipa pango, umeme, maziwa, mashine na mishahara. Ninachosema ni kwamba mimi mwaka 2019 nilipiga hesabu ya kilo peke yake, nikaiacha hesabu ya kikombe nje ya karatasi. Na mzee karibu apoteze mibuni iliyopandwa na baba yake kwa sababu ya karatasi ile.

Atatokea wa kuniambia kwamba bei sasa zimepanda, tatizo liko wapi? Ni kweli. Desemba hiyohiyo ya 2024 bei ya arabika katika soko la New York ilivuka rekodi iliyowekwa mwaka 1977. Lakini wakulima wenye umri wangu tunakumbuka mwaka 2001 na 2002 bei ilivyoanguka hadi watu wakaacha kupalilia, na wazee wanakumbuka mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa kugawana soko ulipovunjika. Bei ya New York hupanda na kushuka kwa mvua na baridi ya Brazil. Bei ya kikombe pale kando ya kihamba chako unaipanga wewe.

Mfano tuliuona Materuni, kijiji cha Uru kilicho juu ya Moshi. Wageni huenda pale kwa ajili ya maporomoko ya maji, na wanakijiji wamewawekea kinu. Unamenya kahawa, unaitwanga kutoa ganda, unapepeta kwa ungo, unaikaanga kwenye chungu juu ya kuni, unaitwanga tena, kisha unakunywa ulichokitwanga huku wenyeji wakiimba. Wazungu hupiga picha mpaka simu zinazimika. Sisi wawili tulilipa shilingi 40,000, na sikuona uchungu wowote. Mimi niliyekua nikinywa kahawa sikuwahi kuitwanga kwa mkono wangu!

Sasa nije kwenye pombe, kwa sababu nayo ilikuwa katika mpango wa safari. Bia ya chupa tulikunywa Moshi, baridi na nzuri, na humo pia yumo mkulima, kwani shayiri hulimwa Monduli, Karatu na Kilimanjaro Magharibi. Lakini pombe iliyonifikirisha ni mbege. Jirani wa mama mkwe hupika kila wiki. Anachemsha ndizi mbivu mpaka ziwe nyekundu, anaziacha zichachuke siku kadhaa, anazichuja, kisha anachanganya na uji wa kimea cha ulezi uliopoa, na magome ya msesewe ya kuleta uchungu. Tulikaa kwake jioni moja tukala machalari na kunywa kwa kata ileile wanayozungushiana wote, wawili sisi shilingi 18,000.

Wengi wanailalamikia mbege kwamba haikai, siku chache tu inakuwa kali haifai. Mimi naiona hiyo kama kinga. Kahawa inasafiri, ndiyo maana inakaangwa na kunywewa na watu wasiomjua mkulima wake. Mbege haisafiri. Anayeitaka lazima apande mlima aifuate, akifika ana njaa, na akishiba huuliza habari za kahawa. Yule mama ameshagundua hilo bila kwenda chuo. Kinachomshinda ni choo cha wageni na benchi la pili, si soko.

Usiku wa mwisho tulijumlisha daftari. Siku tisa tulitumia shilingi 386,000 kwa chakula na vinywaji. Waliolima wenyewe walichotuuzia walipata shilingi 71,000, hata moja ya tano haifiki, na zaidi ya nusu ya hizo ni za Materuni peke yake. Kwa mama mkwe hatukulipa kitu, ingawa mbuzi niliyempeleka hakuingizwa kwenye hesabu, jambo ambalo bado nalilalamikia.

Asubuhi yake nilimwomba baba mkwe tukae tena. Nikamwambia, "Baba, hesabu ya 2019 nilikosea." Tukapiga upya. Mibuni 180 humpa kama kilo 50 za maganda, sawa na shilingi 300,000 kwa bei ile ya 6,000. Hawezi kuuza zote kwa kikombe, maana vikombe 3,250 hakuna wa kuvinywa kwenye kijia kile. Lakini akibakiza kilo 10 tu, ni vikombe 650, havifiki viwili kwa siku kwa mwaka mzima. Kwa shilingi 1,000 kikombe, ni shilingi 650,000 kabla ya kuni, sukari na nguvu za mama. Kilo 40 zilizobaki ziende chama cha msingi kama kawaida.

Mzee akauliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa chuoni: "Na wageni wasipopita?" Nikamjibu wasipopita, kahawa iliyokauka vizuri ikihifadhiwa na ganda lake haiozi kesho, ataipeleka chamani msimu unaofuata. Hasara yake itakuwa ndogo. Nikamwonya pia kwamba kukaanga kahawa ya kuuza kuna taratibu za leseni, aanze kwa afisa kilimo wa kata na ofisi ya Bodi ya Kahawa kabla ya kuweka kibao barabarani.

Kijana wa msumeno alikuja Januari. Mibuni 60 iliyochakaa aliikata karibu na ardhi ili ichipue upya, na penye mapengo mzee ameagiza miche ya TaCRI ya Lyamungo inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Iliyobaki imesimama. Mama mkwe ameagiza vikombe sita na mashine ndogo ya mkono ya kusagia. Vikombe mke wangu ameshavinunua. Mashine ananisubiri mimi.