TAHARIRI: Wasaidizi wa wagombea nao waulizwe kuhusu mipaka

MGOMBEA urais anapopanda jukwaani na kuahidi kubana bidhaa za nchi jirani, mfanyabiashara mwenye mzigo njiani huanza kupiga hesabu upya. Ahadi hiyo huenda ikawa mpango wa serikali ijayo, au ikawa maneno ya kutafutia kura tu. Wanaojua ni ipi kati ya hizo mbili ni watu wachache walio nyuma ya mgombea: meneja wa kampeni, mpanga mikakati, mshauri wa uchumi. Watu hao hawapigiwi kura, na ni nadra kuulizwa lolote.

Uzito wa kazi yao ulionekana wazi Marekani mwaka 2008. Huko mgombea urais hupatikana kwa kura za mchujo zinazopigwa jimbo kwa jimbo kwa miezi kadhaa, na kila jimbo hutoa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama. Mwaka huo, ndani ya chama cha Democratic, Barack Obama na Hillary Clinton walichuana kuanzia Januari hadi Juni.

Mbio ndefu kiasi hicho huendeshwa na watumishi wa kampeni. Meneja wa Obama, David Plouffe, alipeleka watu na fedha hata katika majimbo madogo, kwa sababu alichohesabu ni wajumbe. Februari 5, Clinton alishinda New Jersey na kumzidi mpinzani wake kwa wajumbe 11. Siku hiyo hiyo Obama alishinda Idaho, jimbo lenye watu wachache zaidi kwa mbali, lakini akamzidi Clinton kwa wajumbe 12. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizompa uteuzi.

Lakini watumishi hao hawakuishia kuhesabu wajumbe. Walizungumza pia na majirani wa Marekani, na hapo ndipo habari inapomgusa mfanyabiashara.

Ohio ilikuwa ipige kura Machi 4. Ni jimbo la viwanda, na wafanyakazi wengi waliopoteza ajira waliulaumu mkataba wa biashara huria wa NAFTA, ulioziunganisha Marekani, Canada na Mexico tangu 1994. Katika mdahalo uliofanyika Cleveland Februari 26, Obama na Clinton wote walisema wangetumia tishio la kujitoa ili mkataba huo ujadiliwe upya.

Wiki chache kabla ya hapo, mshauri wa uchumi wa Obama, Austan Goolsbee, alikuwa amekutana na maofisa wa ubalozi mdogo wa Canada mjini Chicago. Waraka wa ndani wa Wakanada kuhusu mazungumzo hayo ulieleza kwamba kauli za Obama dhidi ya mkataba zichukuliwe zaidi kuwa za kisiasa kuliko mpango kamili wa sera. Kampeni ilikuwa imekanusha habari hizo, lakini waraka ukavuja siku moja kabla ya kura za Ohio. Goolsbee alisema hakueleweka sawasawa, nayo serikali ya Canada ikaeleza masikitiko yake. Clinton alishinda Ohio.

Mwezi mmoja baadaye ikawa zamu ya upande wa Clinton. Mpanga mikakati wake mkuu, Mark Penn, alikuwa pia mkuu wa kampuni ya uhusiano wa umma iliyolipwa na serikali ya Colombia kusaidia kupitishwa kwa mkataba wa biashara na Marekani. Clinton alikuwa akiupinga mkataba huo. Ilipobainika kwamba Penn alikutana na balozi wa Colombia kuuzungumzia, aliachia wadhifa wake Aprili 6. Asubuhi bosi anaupinga mkataba, jioni msaidizi wake analipwa kuutetea.

Yaliyofuata ndiyo yenye funzo. Obama aliingia madarakani, na tishio la kujitoa NAFTA halikutekelezwa. Mkataba wa Colombia ulipitishwa na bunge la Marekani Oktoba 2011, Obama akautia saini, wakati Clinton akiwa waziri wake wa mambo ya nje. Mfanyabiashara wa Toronto au Bogota aliyesikiliza jukwaa peke yake alikosea hesabu.

Hilo halimaanishi kwamba ahadi za jukwaani ni za kupuuzwa siku zote. Mwaka 2016, wengi walidhani Donald Trump anatania alipoahidi kuubadili mkataba huo au kuuacha. Lakini miongoni mwa washauri wa kampeni yake alikuwamo Peter Navarro, mchumi aliyekuwa ameandika vitabu vya kuishambulia biashara ya China. Navarro alimfuata Ikulu, ushuru ukapandishwa, na Julai 1, 2020 NAFTA ikapisha mkataba mpya. Safari hiyo, aliyetazama washauri angejua kwamba maneno yale yalikuwa na mpango nyuma yake.

Afrika Mashariki ina sababu zaidi ya kuwatazama watu hao, kwa sababu mchujo wa urais hapa hufanyika zaidi ndani ya vikao. Mwaka 2015, wanachama 38 wa CCM walirejesha fomu za kuomba kuteuliwa kuwania urais wa Tanzania, na jina moja likapatikana kwa vikao vya Dodoma vilivyochukua siku chache. Nchini Kenya, vyama vikubwa navyo huidhinisha mgombea wao kwenye mkutano wa wajumbe. Mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Mutukula hapati miezi sita ya midahalo ya kumpima mgombea, sembuse mshauri wake.

Gharama ya kutojua anaibeba yeye. Machi 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikaruhusu kwa masharti. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Mahindi yaliyokwama kwenye lori hayaulizi kama uamuzi ni wa kiafya au wa kisiasa, na mkopo wa benki haungoji majirani wapatane.

Kwa hiyo vyama vya wafanyabiashara wa mpakani visisubiri rais aapishwe. Wakati wa mchujo, vimtake kila anayewania uteuzi ataje anayemshauri kuhusu biashara, na mshauri huyo aseme hadharani ni kampuni au serikali gani nyingine inayomlipa. Kisha aulizwe mambo yanayojulikana mpakani: Je, mtaheshimu utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi dola 2,000? Kabla ya kuzuia bidhaa, mtatoa notisi ya siku ngapi? Mzigo uliokwisha kuondoka utapokewa au utarudishwa? Majibu yaandikwe na yatiwe saini.

Mgombea ana haki ya kuwa na wasaidizi, na wasaidizi wana haki ya kuzungumza na mabalozi. Wasichokuwa na haki nacho ni kumwambia jirani neno moja na mpiga kura neno jingine, kisha mwenye mzigo akaachwa aujue ukweli siku geti linapofungwa.