Simu isiwe yaya wa watoto wetu

Mtoto ni amana, na mwili wake ni sehemu ya amana hiyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu imeenea majumbani mwetu, mijini na hata vijijini, tabia ya kumnyamazisha mtoto mdogo kwa simu. Akilia hupewa simu. Akikataa chakula hupewa simu. Wakija wageni, hupewa simu ili watu wazima wapate kuzungumza. Utulivu huo una gharama, na mwenye kuilipa si mzazi.

Mwezi Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya umri wa miaka mitano. Hekima ya mwongozo huo ni kuitazama siku ya mtoto, yaani saa zote 24, kama mali moja inayogawanywa: kinachozidishwa huku hupungua kule. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji walau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuhema. Alale kwa jumla ya saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukiwemo. Mbele ya runinga au simu asikae zaidi ya saa moja, na ikipungua ni bora. Ama aliye chini ya miaka miwili, huyo hana fungu lolote katika vioo hivyo.

Wako watakaosema kwamba maradhi ya moyo ni ya watu wazima. Mjini Bogalusa, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, wataalamu wakiongozwa na Daktari Gerald Berenson walifuatilia afya ya watoto kwa miongo kadhaa tangu miaka ya 1970. Mwaka 1998 walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 204 za watu wa umri wa miaka 2 hadi 39, wengi wao wakiwa wamefariki kwa ajali na majeraha. Michirizi ya mafuta ilionekana katika mishipa ya moyo hata kwa watoto, na ilizidi kwa waliokuwa na unene, shinikizo la damu na mafuta mengi ndani ya damu. Michirizi hiyo si ugonjwa bado, wala hatudai kuwa kila mtoto ashikaye simu ataugua. Lakini njia huanza kukanyagwa mapema.

Usingizi ndio unaodharauliwa zaidi. Mtoto anayeachiwa katuni hadi saa 5 usiku, kisha akaamshwa saa 12 asubuhi, amelala saa 7 tu. Usingizi mfupi wa mchana hauwezi kulifidia pengo hilo. Mtume (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, alikuwa akichukia mazungumzo baada ya sala ya Isha. Katika nyumba zetu, ndio kwanza runinga hupandishwa sauti! Na mwezi wa Ramadhani mambo huzidi: watoto wasiofunga hukesha na wanaofunga.

Hapa hatuna budi kuwageukia walimu wenzetu. Mtoto wa miaka minne hutoka shule ya awali adhuhuri, akala, akaletwa chuoni, akakalishwa mkekani tangu baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi, na akijinyoosha hukaripiwa. Mwongozo tulioutaja unahimiza asomewe na asimuliwe hadithi anapokuwa ameketi, lakini hautaki aketi kwa muda mrefu mfululizo. Herufi chache, kisha wakatoka kukimbizana na kucheza ukuti, kisha wakarudi: hivyo hata alifu na bee huingia kwa wepesi.

Kamati za misikiti nazo zina lao. Viwanja vilivyokuwa wazi kando ya misikiti mingi vimejengwa fremu za maduka, na kodi yake hakika husaidia. Kabla ya kuidhinisha fremu nyingine, kamati ijiulize watoto wa chuo watakimbilia wapi, kwani barabarani kuna bodaboda.