Arobaini ni haki ya mzazi

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini jamii iliyostaarabika haimwachii mzazi mzigo huo peke yake. Hapa Unguja, tangu enzi za mababu, mama aliyejifungua amewekewa siku arobaini za mapumziko. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hupikiwa vyakula vya moto vyenye pilipili manga, na kazi zake za nyumbani hushikwa na mama yake, shangazi na majirani. Mkaja huo una heshima yake: binti anapoposwa, mama yake hutolewa fungu liitwalo mkaja, kumkumbushia siku aliyomzaa.

Wapo wanaoiona mila hii kuwa ushamba. Tunapenda kuwakumbusha kwamba si yetu peke yetu. Wachina humweka mzazi ndani mwezi mzima na kumkataza vitu vya baridi. Watu wa Mexico wana arobaini yao, nayo huitwa kwa jina la siku hizo hizo arobaini. Huko Uholanzi, nchi ya viwanda, muuguzi huenda nyumbani kwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi, akamtunza yeye na mtoto, na bima ya afya ikabeba sehemu kubwa ya gharama. Marekani, kwa utajiri wake wote, haina sheria ya taifa inayompa kila mfanyakazi likizo ya uzazi yenye malipo. Sheria yao ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena kwa baadhi tu ya wafanyakazi. Basi mshamba ni nani?

Hata hivyo, kuitetea mila si kuifumbia macho. Kutoka damu nyingi na kifafa cha mimba havingoji arobaini. Huua siku ile ile ya kujifungua au siku chache baadaye. Ndiyo maana mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mzazi akae kituoni kwa saa 24 angalau, kisha apimwe mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Wiki ya sita ndipo arobaini yetu inapomalizika. Mila na utaalamu vinakutana mwishoni. Vinaachana katikati, pale mzazi mwenye homa anapozuiwa kuvuka kizingiti kwa kuogopa upepo na jicho la hasidi.

Hatuna budi kuliziba pengo hilo. Wahudumu wa afya ya jamii wafike ndani ya nyumba katika siku hizo, mjini na shamba. Mkunga wa jadi asiachiwe kuzalisha peke yake, lakini asidharauliwe: mwaka 2018 Shirika hilo hilo lilishauri kila mwanamke awe na mwenzi amtakaye wakati wa uchungu. Basi bibi anayemsindikiza mjukuu wake Mnazi Mmoja, Kivunge au Makunduchi apokewe kwa adabu, na mzazi asitolewe maneno makali.

Nao waume wajue wajibu wao. Mama anayelima mwani Paje au Jambiani hana mwajiri wa kumpa likizo. Arobaini ndiyo likizo yake pekee, na mumewe na jamaa zake ndio wa kuigharimia. Kumrudisha baharini wiki ya pili ni dhuluma.

Mapinduzi ya 1964 yaliifanya tiba kuwa haki ya kila mwananchi, si bahati ya wenye nacho. Haki hiyo haikomi mlangoni mwa hospitali. Viongozi wa Chama, masheha na akina mama wa UWT waifuate hadi chumbani kwa mzazi, mpaka siku ya arobaini atakapotoka nje na mwanawe, wote wawili wakiwa wazima.