Goma: Nakala iliyo katika mfuko mmoja na kompyuta si akiba

Wakaaji wa Goma wanajua kuhama kwa ghafula. Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilifika hadi katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuondoka. Wengi walishika barabara ya Sake, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu, wengine wakavuka kuingia Rwanda.

Katika safari ya namna hiyo, watu hufikiria watoto, chakula na magodoro. Diski hutupwa ndani ya mfuko pamoja na kompyuta. Lakini kwa redio nyingi, mashirika na ofisi za jimbo, diski hiyo ndiyo inabeba kila kitu: sauti za miaka, hati za mashamba, ushuhuda wa raia waliotendewa mabaya wakati wa vita. Mfuko ukianguka toka kwenye pikipiki, kompyuta na nakala yake vinakufa siku moja.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani zinazozunguka mara 5.400 ama 7.200 kwa dakika. Kichwa kinachozisoma hupita juu yake bila kuzigusa, katika nafasi ambayo hata unywele haupenyi. Diski ikigongwa wakati inazunguka, kichwa hukwaruza sahani, na kilichokwaruzwa ni vigumu sana kukipata tena. Ikiwa imezimwa, kichwa hurudi mahali pake pa kupumzika. Kwa hiyo hatari inaanzia mezani, pale mtu anapochomoa waya kwa haraka na kuondoka.

Dawa yake haina gharama kubwa. Diski iondolewe kwanza kupitia kompyuta, kisha isubiriwe hadi iache kuzunguka. Ifungwe katika sponji nene, iwekwe ndani ya sanduku gumu, na ibebwe mapajani, si chini ya mizigo ya lori. Ikinyeshewa ama ikitoka kwenye baridi, isiwashwe kabla ya kukauka vizuri.

Kuna wanaosema diski za SSD zimemaliza shida hiyo. Ni kweli zinavumilia kuanguka, kwa kuwa hazina kitu kinachozunguka. Lakini nazo zinaibiwa, zinaungua, na zikikaa muda mrefu bila umeme zinaweza kupoteza data. Na kupandisha sauti za miaka kumi kwenye intaneti ni bei ambayo redio ndogo haiwezi.

Ndiyo maana diski ya pili ni ya lazima, tena ikae katika mji mwingine, kwa mtu anayeaminiwa, ikifungwa kwa neno la siri, na ifunguliwe mara kwa mara kuhakikisha bado inasoma. Wakuu wa ofisi wanaopanga bei ya kompyuta wapange siku hiyo hiyo bei ya diski mbili. Shahidi aliyesimulia mateso yake mara moja hapaswi kuombwa kuyasimulia tena kwa sababu sanduku halikununuliwa.