Blauzi Ifuate Majira

Nguo ya juu ya mwanamke, iwe blauzi, fulana, shati au sweta, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kuukinga mwili na hali ya hewa. Jasho jingi hutoka kwapani, mgongoni na kifuani, na baridi nayo huanzia shingoni na mabegani. Kwa sababu hiyo kosa la kuchagua nguo ya juu hujulikana upesi: harara huwasha shingo nzima mwezi wa Februari, au mtu hutetemeka kituo cha basi alfajiri ya Julai. Hata hivyo wanunuzi wengi hutazama rangi kwanza, kisha mshono, kisha bei. Kitambaa hukumbukwa nguo ikiwa imekwisha kuvaliwa na fedha imekwisha kulipwa. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa: majira yatangulie, kitambaa kifuate, na mtindo uje mwisho.

Majira yenyewe ni lazima yawe ya hapa. Magazeti ya mitindo ya Ulaya na Marekani huugawa mwaka katika misimu minne ya nchi zenye theluji, na maduka ya mijini huiga kalenda hiyo bila kufikiri, hata makoti mazito yakatundikwa dirishani Desemba, wakati ambapo Dar es Salaam na Mombasa zinachemka. Pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani huhesabu mwaka wake kwa pepo na mvua. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi na kuleta joto kali. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Kusi ikishika, huja kipupwe cha Juni hadi Agosti, na vuli hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mikoa ya Dodoma, Singida, Iringa, Njombe, Mbeya na Ruvuma ina msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza karibu na Novemba na kumalizika Aprili. Kimo nacho kina amri yake, kwani kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi zipatazo 6. Ndiyo maana mwanamke wa Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mwenzake wa Tanga hawawezi kushauriwa nguo moja katika mwezi mmoja, ingawa wote wawili wako katika nchi moja.

Kitambaa hupimwa kwanza kwa namna kinavyopokea unyevu. Katika hewa ya unyevu wa wastani pamba hubeba maji yapatayo asilimia 8 ya uzito wake, kitani na reyoni huzidi asilimia 10, sufu hufika karibu asilimia 16, lakini poliesta haifiki hata asilimia 1. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua mambo mwilini. Pamba hulinyonya jasho na kuliachia hewani polepole. Poliesta iliyofumwa kwa kubana hailinyonyi, na ikiwa haina nafasi ya kupitisha hewa, jasho hubaki juu ya ngozi, likateremka mgongoni na kuacha harufu ambayo hata sabuni nzuri haiimalizi. Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, na leo imejaa masoko kwa sababu ni rahisi, haikunjamani na haipauki haraka. Sifa hizo ni za kweli. Ubaya wake ni kwamba huuzwa kwa sura ya vitambaa vingine. Sehemu kubwa ya satini na shifoni zinazoning'inia madukani ni poliesta iliyong'arishwa, na mnunuzi hudhani amepata hariri ya bei nafuu.

Kumtambua mdanganyifu huyo si kazi ngumu. Nguo mpya huwa na lebo ndogo ubavuni kwa ndani, na humo uzi uliotumika huandikwa kwa asilimia. Nguo za mitumba mara nyingi lebo zake zimekatwa au zimefutika, na hapo hutumika njia ya mafundi. Uzi mmoja huchomolewa kwenye pindo la ndani, hushikwa kwa kibano na kuwashwa kiberiti mbali na nguo. Pamba, kitani na reyoni huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi linalosagika vidoleni. Poliesta hunywea kwanza, ikatoa moshi mweusi, kisha ikaganda kuwa kijipira kigumu kisichopondeka. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Mahali ambapo kiberiti hakifai, kama mbele ya meza ya muuzaji mwenye hasira, tone la maji juu ya pindo huonyesha kitu: kwenye pamba iliyokwisha kufuliwa huzama mara moja, kwenye poliesta nyingi hukaa juu na kutelezea pembeni.

Majira ya kaskazi ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote. Katika Dar es Salaam mchana wa Februari hufika nyuzi 32 na zaidi, na unyevu wa bahari huzuia jasho kukauka. Blauzi ya wakati huu inafaa iwe ya pamba nyepesi au kitani, isiyobana kwapa wala kiuno, yenye shingo pana kiasi cha kupitisha upepo. Ulegevu wa nguo una maana kubwa kuliko urefu wa mkono wake. Mwaka 1980 jarida la sayansi la Nature lilichapisha uchunguzi wa Shkolnik na wenzake kuhusu majoho meusi ya Mabedui jangwani. Ilionekana kwamba kitambaa cheusi hunyonya joto zaidi la jua kuliko cheupe, lakini joto lililoufikia mwili lilikuwa sawa katika rangi zote mbili, kwa kuwa hewa inayozunguka ndani ya joho pana huliondoa kabla halijafika kwenye ngozi. Wanawake wa Zanzibar na Lamu wenye mabuibui mapana wanaelewa jambo hilo bila jarida. Buibui la poliesta nzito lililokatwa kufuata kiuno, ambalo sasa limekuwa fasheni, limepoteza faida hiyo, na anayelivaa saa nane mchana analipia fasheni kwa jasho.

Kitenge kinastahili neno la peke yake, kwa sababu ndicho kitambaa ambacho wanawake wengi hushonesha. Kitenge cha pamba ni kizuri kwa joto, lakini fundi huweza kukiharibu. Mteja hupeleka pamba safi, fundi akaongeza gamu ngumu kwenye kola, akatia bitana ya poliesta kifuani na mgongoni, akaweka zipu ndefu na kukibana kiunoni hadi mvaaji hapati pumzi. Nguo iliyotoka hapo ni pamba kwa nje tu. Kinachogusa ngozi ni poliesta. Mteja ana haki ya kusema mapema kwamba hataki bitana, au kwamba iwekwe ya pamba laini, na kwamba kwapa liachiwe vidole viwili vya nafasi. Ni heri afikishe maneno hayo wakati wa kupimwa kuliko siku ya kuchukua nguo. Ipo pia shida ya vitenge vya bei ya chini kabisa ambavyo ni poliesta yenye maua ya kitenge. Kiberiti kile kile huvifichua.

Mkono kata hupendwa sana wakati wa joto, na ndani ya nyumba au kivulini hauna ubaya. Kwa anayetembea juani au anayekaa sokoni bila mwavuli, mkono mrefu wa pamba iliyoshikana vizuri ni bora, kwa maana ngozi iliyofunikwa haichomwi na jua. Fulana nyeupe nyembamba hudanganya katika jambo hili: hupitisha miale mingi, na ikilowa hupitisha zaidi. Kwa mwanamke mwenye ualbino suala hili halina mjadala. Kwake mkono mrefu, shingo iliyofunikwa na kofia pana ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi katika majira yote, si kaskazi peke yake.

Masika hugeuza hesabu. Adui hapa ni nguo mbichi isiyokauka. Shati zito la pamba lililofuliwa Jumatatu ya Aprili huweza kukaa kambani hadi Jumatano, likaanza kunuka uvundo na kuota vidoa vyeusi vya ukungu ambavyo havitoki. Katika miezi hii pamba nyembamba, au mchanganyiko wa pamba na poliesta, hushinda pamba tupu nzito, kwani hukauka upesi. Huu ndio wakati ambao poliesta inajipatia heshima yake, na haifai kuinyima. Reyoni, ambayo ni nzuri sana kwa joto, inafaa kupumzishwa kabatini, kwa sababu ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na blauzi iliyonyeshewa ikivutwa mlangoni mwa daladala huweza kuchanika begani. Rangi nyeupe na za maziwa nazo hutaka tahadhari: mvua ya ghafla huzifanya zionyeshe kila kilicho ndani, hivyo shimizi au fulana ya rangi ya ngozi inafaa kuvaliwa chini yake. Wanaonyonyesha watafanya vyema kuchagua vifungo vya mbele badala ya zipu ya mgongoni, maana nguo iliyolowa haivuliwi kirahisi mtoto akiwa analia.

Jambo moja la masika husahauliwa na wengi. Yuko inzi ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa juu ya majani, na kifunza chake kikipata joto la mwili hupenya ngozini na kufanya uvimbe mfano wa jipu. Pasi yenye moto wa kutosha huyaua mayai hayo. Kwa hiyo blauzi zilizoanikwa nje wakati wa mvua zipigwe pasi zote, hata zile zisizokunjamana, na mishono ya kwapa na shingo isipitwe kwa haraka.

Kipupwe cha pwani hakidai mengi. Usiku wa Julai joto la Dar es Salaam huweza kushuka hadi nyuzi 18 au 19, na upepo wa kusi husukuma vumbi na kupeperusha nguo pana. Shati la mikono mirefu, mtandio au kardigani nyepesi hutosha, na wengi huongeza khanga mabegani kwa safari ya alfajiri. Kununua jaketi lenye manyoya kwa ajili ya Bagamoyo ni kutupa fedha.

Nyanda za juu hali ni nyingine kabisa. Makete, Njombe, Lushoto na Mbeya katika Juni na Julai, kama Limuru na Nyandarua nchini Kenya, huwa na asubuhi za ukungu na baridi inayouma, huku mchana jua likiweza kuwaka vizuri. Kosa la kawaida ni kuvaa sweta moja nene juu ya sidiria, kisha saa sita mvaaji ashindwe kuivua. Tabaka tatu nyembamba hukinga vizuri kuliko moja nene, kwa kuwa hewa iliyonaswa kati yake ndiyo inayozuia baridi, na kila tabaka huvuliwa jua linapopanda: fulana inayoshika mwili, blauzi ya mikono mirefu au ya flana, halafu sweta. Sweta ya sufu ni bora, maana huendelea kutoa joto hata ikipata unyevu wa ukungu, lakini sweta nyingi sokoni ni za akriliki. Akriliki ni nyepesi na rahisi kufua. Upepo huipenya, kwa hiyo inahitaji kufunikwa na jaketi.

Hapa ndipo mitumba inapokuwa na faida ya kweli. Nyingi ya nguo hizo zilishonwa kwa baridi ya Ulaya, Marekani na Asia ya mashariki, na sweta ya sufu ambayo mpya ingemshinda mwalimu wa shule ya msingi hupatikana ndani ya robota kwa bei ya kawaida. Anayejua kuchagua huiinua juani kuona matundu ya nondo, huvuta kidogo pingili za mikono kuona kama zimelegea, na hukagua kwapa. Atakayeinunua Januari au Februari, wakati wateja wanakimbilia mkono kata, atailipia pungufu kuliko atakayengoja hadi ameanza kutetemeka.

Vuli hazihitaji kabati la peke yake. Nguo nyepesi za kaskazi pamoja na koti la mvua zinatosha, kwa kuwa mvua zake ni za vipindi na joto hurudi haraka. Zaidi ya majira ya nje kuna majira ya ofisini. Kiyoyozi cha benki au ofisi ya serikali huweza kuwekwa nyuzi 18 katikati ya Februari, na mfanyakazi aliyevalia joto la barabarani hugandia mezani. Kardigani ya pamba inayoachwa kazini nyuma ya kiti hutatua jambo hilo, ingawa kupunguza ukali wa kiyoyozi kungekuwa busara zaidi.

Juhudi za mnunuzi zina kikomo ikiwa muuzaji hasemi anachouza. Tanzania hulima pamba Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, lakini sehemu kubwa ya nyuzi zake husafirishwa nje kabla ya kusokotwa, na mkulima wa pamba huweza kwenda mnadani akarudi na blauzi ya poliesta akidhani ni ya zao lake. Wenye maduka, wauza vitenge na mafundi wanaombwa kuandika kwa Kiswahili, juu ya kila nguo na kila jora, aina ya uzi na asilimia zake, na wateja nao wasione haya kuuliza kabla ya kutoa fedha.